Je, wajua kwa nini chubwi cha risasi hutoka na makunyanzi? Itazame kalibu kabla ya kuulaumu moto

Risasi ilikuwa jina la metali kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka kwenye mtutu. Neno limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni ileile metali nzito, laini, ya kijivu, ambayo wanakemia huiandika Pb. Bunduki ililiazima jina hilo kwa sababu kwa karne nyingi watu walimimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, yaani chombo chenye shimo la kuipa metali umbo, ya mkono na iliyofanana na koleo, wakapata tufe la kupakia kwenye gobori. Silaha na risasi zake ni mambo ya leseni na sheria, na hapa hatuyagusi. Lakini kalibu ya koleo haikufa na magobori. Ndiyo hiyohiyo inayofaa kusubu vyubwi, yaani vizito vya kuzamisha mishipi na migonzo (kamba ndefu zenye ndoana nyingi) ya sangara, na anayeielewa hapotezi risasi yake wala mikono yake.

Kwanza, kwa nini risasi wakati Mwanza imejaa mawe? Kitu kikizama, maji hukiinua kwa kadiri ya nafasi kinayochukua. Jiwe la matale lina uzito wa gramu 2.7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, risasi ina gramu 11.34. Kwa hiyo jiwe la gramu 100 likiwa ziwani hubaki na nguvu ya gramu 63 tu za kuvuta chini, wakati risasi ya gramu 100 hubaki na 91. Tena ni ndogo, hivyo mkondo wa maji hauna pa kuisukuma.

Sasa makunyanzi. Mtu ameyeyusha risasi, inang'aa kama kioo, amemimina, na chubwi kimetoka na mistari kama uso wa mzee, au nusu yake haipo kabisa. Wengi huongeza mkaa. Mara nyingi kosa haliko jikoni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na hubeba joto dogo sana: kuipandisha kilo moja ya maji nyuzi moja kunataka joto la mara 30 hivi ya lile linalotakiwa kwa kilo moja ya risasi. Ikigusa ukuta wa kalibu iliyo baridi, huganda ngozi papo hapo kabla nyuma yake hakujajaa. Ngozi ya kwanza inakunjwa na risasi inayofuata, na hayo ndiyo makunyanzi.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa tatizo. Kalibu ya alumini ya nusu kilo, ukimimina ndani yake chubwi cha gramu 100, hupanda nyuzi 10 tu hivi, na hapo hatujahesabu joto linalopeperuka. Kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 150 au 200 inakofanya kazi vizuri, ungehitaji kumimina zaidi ya mara kumi na kutupa kazi yote. Ndiyo sababu kalibu hupashwa kabla: iweke juu ya ukingo wa sufuria ya risasi au kando ya jiko la mkaa wakati risasi inayeyuka, kwa robo saa au zaidi. Hata hivyo vyubwi vichache vya mwanzo virudishe tu kwenye sufuria bila majuto.

Hapo ndipo swali la kuchagua kalibu linapoanza kuwa na maana. Alumini hupitisha joto takriban mara tatu ya chuma cha kusubu, lakini kwa ukubwa uleule hubeba joto pungufu kuliko chuma. Hupata moto upesi na kupoa upesi. Ni nyepesi mkononi, haishiki kutu, na risasi haigandamani nayo. Udhaifu wake ni ulaini: kingo huchubuka ukigonga kwa nyundo ya chuma, matundu ya skrubu huisha meno, na pini za kulinganisha hulegea. Chuma hukawia kupata moto, ila kikishapata hakitikisiki. Mtu anayesubu mfululizo asubuhi nzima atakipenda. Adui yake ni unyevu wa ziwa: ukikiacha siku chache bila mafuta, kutu hula ndani ya shimo na kila chubwi kitatoka na vipele. Brasi iko katikati, haishiki kutu na hudumu sana, ila ni ghali na nzito. Usiipitishe joto kupita kiasi kama risasi yako ina bati la kulehemu, kwa sababu bati hupenda kushikamana na brasi.

Kwa anayeanza, na anayetaka vyubwi mia moja au mia mbili kwa mwaka, jibu letu ni alumini yenye mashimo mawili. Si sita. Kalibu ya mashimo sita ya gramu 100 inameza zaidi ya gramu 600 kwa mara moja pamoja na vichwa vya juu, yaani risasi inayobaki juu ya kila shimo, na upawa wa kawaida haubebi kiasi hicho. Ukichota mara mbili, shimo la mwisho linapata risasi iliyokwisha kupoa. Upawa lazima ubebe zaidi ya kile kalibu inachokunywa kwa mmimino mmoja.

Kuna wanaochonga kalibu za jiwe. Jiwe la sabuni, lile la Tabaka kule Kisii nchini Kenya, linachongeka kwa kisu na huvumilia moto vizuri, na tangu kale watu wa nchi mbalimbali wamelitumia kusubia metali. Matale ya Mwanza yaache hapohapo yalipo, yana nyufa na yanaweza kupasuka yakipashwa. Kalibu ya plasta inajaribu kwa urahisi wake, lakini plasta ina maji yaliyofungwa ndani yake hata ikionekana kavu. Ikipata joto huyaachia, na risasi hurushwa usoni. Bila kuioka taratibu kwa saa nyingi, usiithubutu.

Dukani au kwa fundi wa kukereza, usinunue kabla hujaifunga na kuielekeza kwenye mwanga. Mstari wa mwanga ukionekana kati ya vipande viwili, risasi nayo itaupata mstari huo na kutoa mapezi. Tikisa vipande vikiwa vimefungwa, visicheze hata kidogo. Mahali vinapogawanyika lazima pawe kwenye upana mkubwa kabisa wa chubwi, la sivyo kitanasa ndani. Tazama pia uso wa ndani wa kila kipande: pawe na mikwaruzo myembamba kama unywele inayotoka shimoni hadi nje. Hizo ni njia za hewa. Hewa hupita, risasi haipiti kwa sababu uso wake hujivuta pamoja kama tone. Kalibu isiyo nazo hufunga hewa pembeni na kutoa chubwi chenye kona za mviringo. Unaweza kuzichora njia hizo mwenyewe kwa ncha ya wembe.

Uzito ulioandikwa usiuamini. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, funga kalibu, ziba mwanya wa chini kwa mafuta mazito kama yanavuja, kisha ijaze shimo maji na usome yametumika mililita ngapi. Zidisha kwa 11.3. Mililita 8.8 ni gramu 100. Risasi ya moto imetanuka, na hata ikishaganda huendelea kupungua ujazo inapopoa, kwa hiyo tarajia gramu chache pungufu ya hapo. Anayemwelekeza fundi akereze shimo la mviringo ajue hivi: tufe la gramu 50 lina kipenyo cha milimita 20, la gramu 100 lina 26, la gramu 200 lina 32. Ukiongeza kipenyo mara mbili, uzito hauongezeki mara mbili bali mara nane, na mafundi wengi hukosea hapo. Baada ya kipimo hicho, kausha kalibu juu ya moto hadi uwe na hakika, kisha ikaushe tena.

Tunarudia neno la maji kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Tone likifunikwa na risasi ya moto huwa mvuke na kutanuka mara 1,700 hivi, na sufuria nzima inaweza kuruka. Upawa uliolala nje na umande, kipande cha risasi kilichookotwa ufukweni, waya wenye unyevu, jasho la paji la uso: vyote vinatosha. Msimu wa vuli na masika usisubu mahali pasipo paa. Unapoongeza risasi kwenye sufuria iliyokwisha yeyuka, kiweke kipande ukingoni kwanza kipate moto, kisha kishushe polepole. Vaa viatu vya kufunika, si kandambili, suruali ndefu, glavu za ngozi na miwani ya kinga.

Risasi pia ni sumu, na kwa watoto hakuna kiasi kidogo kisicho na madhara. Sufuria, upawa na meza ya kazi hii visirudi jikoni kamwe. Tumia sufuria ya chuma, si ya alumini. Simama upepo ukiwa unaupeleka moshi mbali na watu: mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, hivyo ua wa nyumba ulio upande wa nchi kavu ndio unaovuta moshi wako. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Betri za gari ziache kabisa. Sahani zake zimejaa vumbi la risasi na asidi, na ndani yake kunaweza kuwa na aseniki na antimoni ambazo taka zake zikipata unyevu hutoa gesi za kuua. Risasi za kubalansia matairi ni nzuri, ila si zote ni risasi siku hizi. Sumaku ikivuta, ni chuma. Kikigongwa sakafuni kikalia kama kengele na koleo la kukatia likashindwa kukiuma, ni zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo usizidishe moto: risasi itayeyuka, zinki itaelea, nawe utaichota. Ukiiacha iyeyuke, mchanganyiko unakuwa mzito kama uji na kalibu haijai. Risasi za matairi zina antimoni kidogo, zinakuwa ngumu na huvumilia kuburutwa juu ya miamba. Kwa vyubwi vya kubana kwenye kamba ya wavu tafuta risasi laini tupu, maana ile ngumu hupasuka ikikunjwa.

Kazi yenyewe haina mengi. Toa mafuta kwenye kalibu kwa maji moto, sabuni na mswaki, kisha kausha. Pitisha shimo juu ya moshi wa kibatari lipate masizi mepesi. Peleka risasi hadi nyuzi 380 hivi. Kama huna kipimajoto, angalia uso wa risasi safi: ukianza kugeuka njano na zambarau haraka mara baada ya kuengua taka, umepitiliza. Tupia kipande cha nta ukubwa wa punje ya hindi, koroga, engua taka. Mimina mfululizo bila kusita hadi kichwa kidogo kibaki juu ya sahani ya kukatia, ile iliyo juu ya kalibu inayokata kichwa ikigongwa. Kichwa hicho ni chakula: chubwi kinapoganda na kupungua, huvuta kutoka hapo. Ukimimina kidogo utakuta tundu kwenye kitako. Subiri kichwa kipoteze mng'ao, hesabu sekunde tano, gonga sahani kwa kipande cha mbao, fungua, dondosha juu ya gunia kavu lililokunjwa.

Chubwi chenyewe kitakuambia kilichoharibika. Makunyanzi yanayopungua kila unapomimina ni baridi. Makunyanzi yanayobaki mahali palepale hata kalibu ikiwa moto ni mafuta, rudi kwenye sabuni. Uso wa ungaunga kama uliopakwa chumvi maana yake joto limezidi, pumzisha kalibu dakika moja. Mapezi ni chembe iliyonasa kati ya vipande. Kikikataa kutoka, tafuta kikunjo kidogo cha chuma kwenye kingo na ukisugue kwa kijiti, si kwa bisibisi.

Ukimaliza, usifungue kalibu ya chuma mara ya mwisho. Acha chubwi cha mwisho ndani, iache ipoe imefungwa, kisha pake mafuta nje na uifunge kwenye kitambaa. Hewa ya ziwa haitapata nafasi ya kuingia shimoni hadi siku utakapoipasha tena.