Huo mnara mnaopiga nao picha Jerusalem si wa Daudi

Kila msimu wa hija simu yangu inajaa picha ileile: mtu kasimama karibu na Lango la Yafa, nyuma yake mnara mwembamba, chini kaandika "hapa ndipo Daudi alimwona Bathsheba anaoga". Jamani! Huo mwembamba ni mnara wa msikiti, karne ya 17, enzi za Waturuki. Aliyekuwa anapanda pale ni mwadhini.

Mnara wa ulinzi wenyewe ni ule mnene wa mawe makubwa pembeni, ambao hata hamuupigi picha, na huo nao Daudi hakuuona. Yeye ni kama mwaka 1000 KK, na mji wake ulikuwa mdogo tu, kusini mwa Hekalu, karibu na chemchemi ya Gihoni. Wakristo wa enzi za Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki) ndio waliodhani Sayuni, yaani mji wa Daudi, ni kilima cha magharibi, wakakuta mnara mkubwa hapo, wakampa Daudi.

Aliyejenga ni mfalme Herode, karibu miaka elfu baada ya Daudi, na hapa ndo wajuaji nao wananichosha. Herode alijenga mitatu: Fasaeli jina la kaka yake, Hipiko la rafiki, Mariamne la mke (aliyemuua mwenyewe). Mwaka 70 BK Tito, jemadari wa Kirumi, kabomoa mji, hiyo mitatu kaiacha. Leo umebaki mmoja, na kila mtu anakwambia Fasaeli kama vile alikuwepo. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa wakati huo, anasema Fasaeli ulikuwa mraba, dhiraa 40 kila upande, yaani kama mita 18 hadi 20, Hipiko dhiraa 25. Huu una kama mita 22 kwa 17, sasa huo mraba uko wapi? Na Yosefo naye kwa kutia chumvi hajambo. Wapo wanaakiolojia wanaosema ni Hipiko. Mimi naegemea Fasaeli, ila kuapa siapi.

Sehemu ya chini ni mawe tupu, haina chumba, kuuchimba uanguke ni kazi bure. Ndo maana 1099, wakati Wazungu wa msalaba wanachinja mji mzima, gavana Iftikhar al-Dawla alijifungia humo, akapatana na Raymond wa Toulouse, mmoja wa viongozi wao, akatoka mzima. Mwaka 1152 Baldwin III, mfalme wa hao Wazungu hapo Jerusalem, kamzingira humohumo mama yake mzazi, Melisende, wakigombea utawala.

Kama lazima awepo Daudi, yupo: an-Nasir Dawud, mtawala Mwislamu wa Kerak, ng'ambo ya Yordani. Huyo mwaka 1239 aliibomoa ngome ya hapo. Ngome mnayolipia kiingilio leo, sehemu kubwa ni ya Wamamluki, watawala wa Misri, waliijenga upya 1310.