Ngano haijatengenezwa maabara: dhana potofu kuhusu jeni za ngano na ukweli wake

Mjadala wa ngano ukianza mtandaoni lazima atokee mtu aseme ngano ya siku hizi ni GMO tupu, yaani jeni zake zimebadilishwa maabara, wazungu wameichezea, na watu wanashea bila kuuliza. Inaniuma kwa kweli, manake utafiti upo na yaliyomo ni ya ajabu kuliko hizo stori.

Tuanze na hii kwamba binadamu ndo aliyechanganya jeni za ngano. Ngano ya mkate, Triticum aestivum, imebeba jenomu tatu, yaani seti tatu kamili za jeni, kwenye mmea mmoja, wataalamu wanaziita A, B na D, na zilikutana zenyewe. Nyasi mbili za porini zilichavushana mamia ya maelfu ya miaka nyuma, kabla hajawepo mkulima yeyote, A ilitoka kwa Triticum urartu na B kwa ndugu wa Aegilops speltoides. Halafu miaka kama 8,000 hadi 10,000 iliyopita ngano iliyokuwa tayari inalimwa ikachanganyika na nyasi nyingine, Aegilops tauschii, upande wa Bahari ya Kaspi, ndo D ikaingia. Jozi saba za kromosomu kutoka kila jenomu, jumla kromosomu 42. Mkulima alichofanya ni kuitunza na kuipanda tena.

"Lakini ngano fupi ya Borlaug, yule mtafiti Mmarekani, si GMO ile?" Hapana. Ufupi wake ulitoka kwenye ngano ya Kijapani, Norin 10, na ulihamishwa kwa kuchavusha kwa mkono. Ua la ngano hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mtafiti anafungua kiua kimoja kimoja kwa kibano, anatoa vifuko vitatu vya chavua kabla havijaiva, anafunika suke kwa mfuko wa karatasi, siku chache baadaye anarudi na chavua ya mmea anaoutaka, suke moja linakula muda na macho yanauma. Ngano ya GMO iliyoruhusiwa kulimwa kibiashara ipo, inaitwa HB4, ina jeni ya alizeti ya kustahimili ukame, ila Argentina ndo ya kwanza kuiidhinisha na ilikuwa 2020 tu.

Wengine wanadhani binadamu lazima awe na jeni nyingi kuliko mmea. Wapi! Jenomu ya ngano ina herufi za DNA kama bilioni 16, yetu ni bilioni 3 hivi, na jeni zake zinapita 100,000 wakati sisi tuna kama 20,000. Sehemu kubwa ya hizo herufi, zaidi ya asilimia 80, ni vipande vinavyojirudia rudia. Na hapa ndo utafiti wa ngano unapokuwa mgumu, kwa sababu jeni nyingi zipo nakala tatu, ukiharibu moja zile mbili zinaendelea na kazi na wewe huoni tofauti yoyote shambani. Mwaka 2014 watafiti wa China walitaka kuzima jeni ya MLO, ambayo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani, unaihitaji ili uushike mmea vizuri, ikabidi wazime nakala zote tatu ndipo ngano ikastahimili.

Gluteni nayo, ile protini ya ngano, eti imeongezwa. Wajerumani walipanda aina 60 za ngano zilizotoka kati ya 1891 na 2010, wakapima, gluteni kwa jumla ilikuwa ile ile na gliadini, ambayo ni sehemu ya gluteni, ilikuwa imepungua kidogo. Ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni inamuumiza mtu utumbo, ni wa kweli, unampata kama mtu mmoja kati ya 100, na huyo akiambiwa na daktari aache ngano aache kabisa, ya zamani na ya sasa.

La mwisho ni hili la kusema jenomu ilishasomwa 2018 kwa hiyo kazi imeisha. Iliyosomwa ile ni ya aina moja ya ngano, Chinese Spring. Sasa chukua Sr31, jeni iliyokinga ngano nyingi duniani dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu, hadi aina mpya ya kutu hiyo, Ug99, ilipoonekana Uganda 1998 na kuishinda, hiyo jeni ilitoka kwenye nafaka nyingine inayoitwa rai, na ndani ya Chinese Spring haimo kabisa. Ndo maana 2020 zilitolewa jenomu za aina nyingine zaidi ya kumi, na bado wanasoma.