Je, wajua Detroit ilimpataje mkuu mpya wa shule zake zilizozama kwenye madeni?

Kwetu afisa elimu hupangiwa kituo. Akiambiwa nenda, anakwenda. Marekani utaratibu ni mwingine. Kwa kawaida kila wilaya ya shule ina bodi yake, mara nyingi ya kuchaguliwa kwa kura, na bodi ndiyo inayomtafuta msimamizi mkuu: inatangaza nafasi, inakodi kampuni ya kusaka watu, inawahoji hadharani, kisha wanapatana mshahara. Mwombaji naye anaichunguza wilaya. Sasa wilaya ikiwa hoi, nani atakubali?

Detroit ilikuwa hoi kweli. Mapema 2016 picha za shule zake zilizagaa: sakafu ya ukumbi wa michezo imevimba na kukunjamana kwa maji, kuta zimeota ukungu. Sheria ya Michigan, jimbo ilipo Detroit, inawakataza walimu wa shule za umma kugoma, basi wakapiga simu kwa wingi kusema wanaumwa. Januari 20 pekee, shule zaidi ya 80 zilifungwa.

Wengi wangesema dawa ni mshahara mnono. Mshahara una nafasi yake, lakini swali zito lilikuwa: rungu analo nani? Tangu 2009 gavana wa jimbo alikuwa akiteua meneja wa dharura mmoja baada ya mwingine: Robert Bobb, Roy Roberts, Jack Martin, Darnell Earley. Bodi ya kuchaguliwa ikabaki jina tu. Wote hao waliletwa kunusuru fedha, na madeni hayakuisha. Mtu aliyejijengea jina kwingine aache kazi yake ili aje kupokea amri za mteule wa gavana?

Juni 2016 bunge la jimbo likapitisha mpango wa dola milioni 617. Ujanja wake ni huu: wilaya ya zamani haikufutwa, iliachwa na kazi moja tu, kupokea kodi ya majengo na kulipa madeni. Wanafunzi na walimu wakahamishiwa wilaya mpya, iliyopewa dola milioni 150 za kuanzia. Novemba wapiga kura wakachagua bodi ya watu 7, ikaingia kazini Januari 2017. Kwa maoni yangu, nusu ya kazi ya kumvutia mkuu mpya iliishia hapo, kabla ya usaili wowote.

Walioingia fainali walikuwa wawili: Derrick Coleman wa River Rouge, mji jirani, na Nikolai Vitti, aliyekuwa akiongoza shule za Duval, Florida. Duval ina wanafunzi zaidi ya 100,000, zaidi ya mara mbili ya Detroit. Kwa hiyo Vitti alikuwa akihamia kudogo kwenye matatizo makubwa. Lakini alikuwa mtoto wa pale pale. Amekulia Dearborn Heights, pembezoni mwa Detroit. Mvuto wa nyumbani haununuliwi, na bodi nyingi huusahau. Aprili bodi ikamchagua, na mwezi uliofuata akaanza kazi.

Haikuwa shangwe tupu. Wazazi na walimu wengi walimtaka Alycia Meriweather, aliyekuwa akikaimu, na walikasirika bodi ilipomwacha nje ya fainali. Vitti alipofika akamfanya naibu wake, uamuzi uliomponya na uhasama mwingi.

Mamlaka aliyoyafuata Detroit yalijaribiwa haraka. Mwaka 2018, vipimo vilipoonyesha madini ya risasi na shaba kwenye maji ya shule kadhaa, aliamuru mabomba ya kunywea yafungwe shule zote, hata zile ambazo majibu yake yalikuwa hayajatoka. Watoto wakanywa maji ya kununua hadi vituo vya maji ya kuchujwa vilipowekwa, wafadhili wakisaidia kulipa.