Mbona mtu mwembamba anapatikana na kolestro ya juu?

Mama mdogo wangu wa Ahero ni mwembamba, analima mpunga, nyama ni mpaka Krismasi, na juzi vipimo vyake vikarudi LDL, ile kolestro wanaita mbaya, 5.2 mmol/L, yaani iko juu. Mimi ndio nilisema maabara imechanganya damu za watu, tena kwa uhakika, juu nilikuwa naamini kolestro ni mafuta ya sahani yanaingia kwa mshipa yanaganda humo, kama vile sinki inaziba ukishaosha sufuria ya samaki.

Hapo nimekosea mara mbili. Kolestro nyingi iko kwa damu haijatoka kwa sahani, mwili unajitengenezea, ini ndio fundi mkubwa, kwa sababu kila seli inaihitaji kwa ukuta wake na homoni kadhaa zinaundwa nayo. Ndio maana yai, ata kama lina karibu miligramu 200, kwa watu wengi halipandishi sana, ingawa kuna wale linawapandisha na huwezi wajua bila kupima. Halafu haigandi katikati ya mshipa kama uchafu wa bomba. LDL inapenya ndani ya ukuta wenyewe, chembe nyeupe za damu zinaimeza mpaka zinavimba, uvimbe unakua miaka mingi bila kuuma, siku ukipasuka damu inaganda hapo juu na njia ya moyo inafungwa.

Sasa turudi kwa mama mdogo. Kolestro haiyeyuki kwa damu, lazima ibebwe, so chukulia LDL ni tuktuk za mzigo zinazunguka Kisumu na ini ni soko la Kibuye lenye mageti ya kuzipokea zikirudi. Mageti yakiwa mengi, tuktuk inaingia mapema na barabara inabaki wazi. Mengine yakifungwa, ata kama hakuna tuktuk mpya imetoka, zile ziko zinazunguka siku nyingi zaidi bila pa kuingia, na kila mzunguko ni nafasi nyingine ya kupenya ukuta. Mafuta ya mgando na ya nyama yanafanya ini lipunguze mageti. Thairodi, ile tezi ya shingoni, ikilegea, pia mageti yanapungua. Na kuna watu wanazaliwa na jeni ya mageti ikiwa na kasoro, karibu mtu 1 kwa kila 250 hadi 300, na hio haiangalii unene. Watafiti Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Nobel 1985 kwa kazi ya kuyagundua haya mageti.

Kitu napenda sana hapa ni vile statini, dawa ya kushusha kolestro, inafanya kazi: haisafishi mshipa, inapunguza kolestro ini linatengeneza, ini likiona limepungukiwa linafungua mageti zaidi na kuvuta ile iko kwa damu.

HDL, mbebaji mwingine wa kolestro, wanaita nzuri, na kweli wenye iko juu kiasi hupata shida ya moyo kidogo, lakini dawa zilizotengenezwa kuipandisha hazikupunguza shtuko la moyo vile watu walitarajia, so usiihesabu kama kinga ya LDL kubwa.

Daktari hakusoma namba moja akaachia hapo, aliangalia presha, sukari, umri, akauliza sigara, halafu akauliza kama kuna mwanaume kwa familia alipata shida ya moyo kabla ya miaka 55. Mama mdogo akanyamaza kidogo, akataja kaka yao aliyeanguka shambani akiwa na 46, yule sisi wote tuliambiwa ni malaria. Mamangu ni dada yao. Jumatatu tunaenda kupimwa, yeye na mimi.