Mrabaha ni nini, na kwa nini unakatwa hata kama umekula hasara

Huku Nzega, Tabora, ukitaja mrabaha, ile asilimia serikali inayokata ukiuza madini, kila mtu anakwambia ni kodi. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, nikienda soko la madini na kidonge changu cha dhahabu nagombana na mizani, naona naibiwa. Kumbe siyo kodi ya mapato, ni bei ya jiwe lenyewe.

Tuanzie kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, maana ndo tunapopajua. Mawe yakitoka, kabla hamjapigiana hesabu za baruti, matimba (magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke), chakula cha vijana na hela ya karasha (mashine ya kusaga mawe), kuna mifuko inawekwa pembeni, ni ya mwenye leseni, si ndiyo? Hajashuka shimoni, hajanunua hata kamba, na haulizi kama mawe yana kitu ama ni matupu, anabeba mifuko yake kwa sababu eneo ni lake, basi, nyie mnaobaki ndo mtajuana na hasara. Mrabaha ni mifuko hiyo hiyo ila mwenye nayo hapa ni taifa, kisheria madini yote Tanzania ni mali ya umma na Rais ameyashika kama mdhamini, kwa hiyo hata shamba liwe la ukoo wenu tangu enzi za Mirambo, dhahabu iliyo chini siyo yenu.

Na siyo mambo ya juzi, kule Uvinza karne ya 19 waliokuwa wanachemsha chumvi walimtolea mtawala sehemu yake.

Kwa dhahabu kiwango ni asilimia 6 tangu sheria irekebishwe 2017, kabla ya hapo 4, na kwa sheria ya 1998 ilikuwa 3 tena baada ya kutoa baadhi ya gharama. Sasa hivi ni thamani ghafi, yaani bei yote kabla ya kutoa gharama, na hilo neno ghafi ndo ugomvi wote ulipo. Una gramu 10, tuseme gramu ni laki mbili (natunga bei ili hesabu iwe nyepesi), jumla milioni 2, mrabaha laki moja na ishirini, na juu yake asilimia 1 ya ada ya ukaguzi, elfu 20. Ulitumia milioni 3 kuzifikia hizo gramu? Pole, laki na ishirini iko pale pale. Cha kuchekesha neno mrabaha mzizi wake wa Kiarabu ni faida.

Kwa nini serikali iwe ngumu hivyo? Tumbaku ukiuza msimu huu mwakani unapanda tena, mzinga ukirina nyuki wanarudi, ila dhahabu ikitoka imetoka. Golden Pride pale Lusu, hapa hapa Nzega, ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya miaka kama 15 ukafungwa, leo hakuna wa kumdai chochote kwa jiwe lililokwisha kusafiri.

Ila serikali ikizidisha mrabaha nayo shida, mawe yenye dhahabu kidogo hayalipi tena kuchimbwa yanaachwa, na wengine wanapita njia za panya, ndo maana 2019 wakati masoko ya madini yanaanza serikali iliwafutia wachimbaji wadogo VAT na kodi ya zuio (ile inayokatwa pale pale unapouza).

Halafu ukisikia redioni madini yamefika asilimia 10.1 ya pato la taifa mwaka 2024 usidhani hiyo hela imeingia serikalini, hapana, hiyo ni thamani inayozalishwa na sekta nzima, migodi na maduara yote. Mkono wa serikali ni mrabaha, ukaguzi, kodi za kampuni, na kwenye migodi mikubwa hisa za bure, ambazo serikali inapewa bila kulipia, zisizopungua asilimia 16.

Na mrabaha unaenda Hazina, hauishii Nzega. Kinachobaki kwa halmashauri ni ushuru wa huduma, ule mstari mdogo wa chini kwenye hesabu yako ya sokoni ambao wengi hatuusomi.