Tauni si kila gonjwa, na Kifo Cheusi si jina la ugonjwa

Juzi mtangazaji mmoja wa redio, akizungumzia ugonjwa wa mlipuko uliozuka katika nchi jirani, alisema kwamba "tauni hii" inaweza kuwa mbaya kuliko Kifo Cheusi. Akaongeza kwamba Kifo Cheusi kiliitwa hivyo kwa sababu miili ya wagonjwa iligeuka kuwa myeusi, na kwamba tauni ilitoweka duniani tangu karne ya 14. Yote matatu nimekwisha kuyasikia mara nyingi, tena kwa watu waliosoma, na safari hii nimeona nisinyamaze.

Tauni ni ugonjwa mmoja mahususi, unaosababishwa na bakteria aitwaye Yersinia pestis. Bakteria huyo huishi katika panya na wanyama wengine wagugunaji na huenezwa na viroboto. Panya wanapokufa kwa wingi, viroboto wao hutafuta damu kwingine, na hapo ndipo binadamu anapoingia. Mgonjwa hushikwa na homa kali na kutoka mitoki kinenani, kwapani au shingoni. Bakteria akifika mapafuni, ugonjwa huenea kwa hewa kutoka mtu hadi mtu, na usipotibiwa mapema huua karibu kila unayemshika. Dawa zipo, za antibayotiki za kawaida, mradi mgonjwa awahi. Kwa maana ya neno, hayo yanatosha.

Linaloniudhi zaidi ni jinsi neno lenyewe lilivyopanuliwa. Tauni tumelipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu linatokana na kitenzi chenye maana ya kuchoma kwa mkuki au kisu. Wanachuoni wao wa zamani walilitenganisha kwa uangalifu na neno waba, ambalo ni ugonjwa wowote unaoenea kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na walikuwa na kauli kwamba kila tauni ni waba lakini si kila waba ni tauni. Lugha za Ulaya zilikwenda njia nyingine. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa tauni lina asili ya Kilatini, lenye maana ya pigo, na hadi leo linabeba mambo yote mawili: ugonjwa wa mitoki, na balaa lolote linaloshuka juu ya watu, wakiwamo nzige na vyura wa Misri. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walijitahidi. Ya Farao waliyaita mapigo, lakini magonjwa ya kufisha wakayaita tauni bila kuchagua, kama ile ipitayo gizani katika Zaburi ya 91. Ndipo neno lililokuwa na makali ya mkuki likawa butu. Sisemi kwamba watafsiri walikosea, kwa kuwa zaburi si kitabu cha tiba. Nasema tu kwamba mtangazaji wa habari za afya hana ruhusa hiyo ya mshairi, hasa wakati Kiswahili kina maneno mlipuko, janga na gonjwa, ambayo hayamdanganyi msikilizaji.

Kifo Cheusi nacho ni kitu cha namna nyingine kabisa. Si ugonjwa bali ni tukio: ni wimbi moja la tauni lililopita Asia ya magharibi, Afrika ya kaskazini na Ulaya takriban kati ya mwaka 1346 na 1353. Karibu na ziwa Issyk-Kul, katika nchi ya Kirgizistani ya leo, kuna makaburi ya mwaka 1338 na 1339 yenye maandishi ya Kisiria yanayotaja vifo vya maradhi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta chembe za urithi za bakteria wa tauni katika meno ya waliozikwa hapo. Mwaka 1346 tauni ilikuwa imefika Kaffa, bandari ya Wagenoa (watu wa mji wa Genoa, Italia) katika Bahari Nyeusi, iliyokuwa imezingirwa na jeshi la Jani Beg, mtawala wa Kimongolia. (Kisa cha maiti kurushwa kwa mitambo juu ya kuta za mji huo kimeandikwa na Gabriele de' Mussi, mwenyeji wa Piacenza ambaye hakuwapo Kaffa, kwa hiyo kisimuliwe kwa tahadhari.) Kutoka huko ilisafiri kwa merikebu. Mwaka 1347 ilishuka Messina na Aleksandria. Mwaka 1348 ilikuwa Venice, Florence, Paris, Kairo na Dameski, na kufikia mwaka 1353 ilikuwa imeingia Moscow. Makadirio ya kawaida ni kwamba Ulaya ilipoteza kati ya theluthi moja na nusu ya watu wake.

Lakini hao waliokufa hawakuwahi kujua kwamba wanakufa kwa Kifo Cheusi. Ni kweli kwamba damu ikivujia chini ya ngozi, au vidole vikifa kabla ya mwenyewe, weusi huonekana, na ndiyo maana maelezo ya mtangazaji huvutia. Hata hivyo watu wa Ulaya wa wakati ule kwa kawaida waliandika habari za "vifo vikuu" au "maradhi makuu". Mshairi mmoja wa miaka hiyo alitumia weusi katika beti zake za Kilatini, lakini halikuwa jina la kawaida la tukio. Jina lilizoeleka karne kadhaa baadaye, na lilipata nguvu kubwa baada ya kitabu cha tabibu wa Kijerumani, J. F. C. Hecker, cha mwaka 1832, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Weusi huo ni wa kuogofya, kama tunavyosema mtu ana roho nyeusi pasipo kumpasua kifua. Sisi tuliolitafsiri neno kwa neno tumeongeza kasoro yetu wenyewe, kwani kifo katika Kiswahili ni cha mtu mmoja, na hapa tunazungumzia mamilioni.

Jina bora lilikuwepo. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Dameski mwaka 1348, akawaona watu wa mji wakifunga siku tatu na kisha wakitoka kwa maandamano, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wakiomba dua. Siku hizo aliziita siku za tauni kuu. Jina hilo halihitaji hata kutafsiriwa sana.

Na kuhusu kutoweka, wimbi liliisha lakini ugonjwa haukwenda popote. Uliendelea kurudi Ulaya kwa karne kadhaa, hata mji wa Ragusa (Dubrovnik ya leo) ukaanza mwaka 1377 kuwatenga wageni kwa siku 30, ambazo baadaye zilifikia 40 na kutupa neno karantini, kutokana na neno la Kiitaliano la arobaini. Marseille ilipigwa tena mwaka 1720. Bakteria mwenyewe alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, alithibitisha kwamba maradhi ya Kiziba, karibu na Bukoba, ambayo wenyeji waliyaita rubwunga, yalikuwa ni tauni. Lushoto, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ilianza kuugua mwaka 1980 na mlipuko ukarudi mwaka baada ya mwaka. Madagaska ilihesabu wagonjwa zaidi ya 2,000 mwaka 2017. Wazee wa Usambara wanaokumbuka vibanda vya kutenga wagonjwa wangeshangaa kusikia redioni kwamba waliugua maradhi yaliyokoma miaka mia sita kabla yao.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ugonjwa wa nchi jirani uite kwa jina lake, au useme mlipuko. Kifo Cheusi ukipenda kitaje, maana jina limekwisha kuenea, ila mwaka 1353 uutaje kuwa mwisho wa wimbi hilo tu. Tauni iachie wale wenye mitoki, na ukifika Lushoto ukaona panya wamekufa ovyo shambani, usiwashike. Toa taarifa zahanati.