Bukini weupe wawili, watoto wa kijivu: kabla ya kulaumu jirani, angalia baba

Mzee mmoja wa Rongai alinipigia simu asubuhi mapema akaniambia kijana wangu, mimi nimeibiwa. Alikuwa amenunua bukini dume mweupe pepe kwa mtu mmoja, jike mweupe pepe kwa mtu mwingine, akawafungia kwa boma pekee yao, jike akatamia mwezi mzima, watoto watano wakatoka, na sasa wamefika miezi miwili manyoya yameota vizuri na wote ni kijivu. Alishaanza kumkasirikia jirani mwenye bukini wa kijivu ng'ambo ya fensi, na mama naye alikuwa anashikilia ati ni wale bata wa Misri wanaoruka kutoka mabwawa ya mbuga ya Nairobi. Nikamwambia mzee tulia, usiongee na jirani bado, nakuja.

Mimi nafuga bukini Kamulu na nilisomea mambo ya uzalishaji wa ndege, na kesi kama hii naletewa kila mara, kwa hivyo wacha niieleze mara moja vizuri. Bata wa Misri tumtoe kwanza, yule ni jenasi ingine kabisa, si ndugu wa karibu wa hawa wa nyumbani. Hawa wetu wana mababu wawili. Kuna bukini wa kijivu wa Ulaya ambaye ndiye alizaa aina ya Embden na wenzake, halafu kuna bukini wa Asia mwenye shingo ndefu ambaye ndiye alizaa wale wa Kichina wenye nundu juu ya mdomo. Hata yule mkubwa anayeitwa African ametoka kwa huyo wa Asia, jina tu ndilo la kwetu, na ni kama sisi tu tunavyosema bata bukini na Bukini ni jina la zamani la Madagaska ilhali ndege hakutoka huko. Hao mababu wawili wakichanganywa wanazaa na watoto wao wanazaa pia, na hapo ndipo mambo ya rangi yanakuwa matamu.

Nilipofika Rongai kitu cha kwanza nilichoangalia si rangi, ni midomo. Dume alikuwa laini kabisa hapo juu, kichwa kipana, shingo nene: Embden. Jike alikuwa na nundu ya rangi ya chungwa: Mchina. Nikashika mtoto mmoja nikapitisha kidole juu ya mdomo pale unapokutana na paji la uso, na kulikuwa na kauvimbe kadogo kameanza, hata mzee alikagusa mwenyewe akanyamaza. Hao ni watoto wa Mchina, na kwa vile wazazi walifungiwa pekee yao, hakukuwa na sababu ya kumlaumu jirani.

Sasa inakuwaje weupe wawili wazae kijivu? Juu weupe wa Embden na weupe wa Mchina si kitu kimoja. Mchina mweupe ana jeni moja iliyofichika inayozima rangi yote, lakini lazima awe nazo mbili, moja ya baba na moja ya mama. Embden hana hiyo. Yeye weupe wake umejengwa na jeni mbili tofauti zikisaidiana, moja ya kupausha rangi na ingine ya mabaka, ile ambayo ikiwa pekee yake inakupa bukini mweupe mwenye kichwa cha kijivu na kama tandiko la kijivu mgongoni. Ukiwaoanisha, mtoto anapata nusu ya kila upande, ile ya Mchina inabaki moja haifanyi kazi, ya mabaka inabaki moja haifanyi kazi, na kijivu cha mababu kinarudi, kimepauka kidogo tu.

Ile ya kupausha ndiyo nataka mshike sana kwa sababu haikai mahali pa kawaida. Kwa ndege, dume ana kromosomu mbili za Z na jike ana Z moja na W moja, kinyume cha sisi watu, na jeni ya kupausha iko kwa Z. Askari wa pale kwa geti alikuwa na bodi yake ya drafti ya vizibo, nikaomba, nikaweka vizibo viwili vyekundu upande wa dume, na upande wa jike kizibo kimoja cheusi na njiti ya kiberiti: kila kizibo ni Z, chekundu kimebeba jeni ya kupausha, cheusi hakina, na njiti ni W. Nikamwambia mzee, tuzae. Kijana anachukua kizibo kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Msichana anachukua njiti kwa mama, maana hiyo njiti ndiyo inamfanya awe msichana, na kizibo chake anakitoa wapi? Mzee akasogeza kizibo chekundu mwenyewe polepole. "Kwa baba tu," akasema. Kwa baba tu, mzee.

Hapo ndipo naona wafugaji wetu wengi wanapotea, mtu anatafuta jike mrembo Nairobi nzima halafu anachukua dume yeyote aliye karibu. Kwa rangi zinazokaa kwenye Z, binti hachukui chochote kwa mama yake, dume ndiye anaamua wasichana wote watakuwaje. Pesa yako iweke kwa dume.

Ukielewa hivyo unaelewa pia Pilgrim, bukini aliyekubaliwa rasmi Marekani mwaka 1939. Dume ni mweupe na jike ni kijivu, kizazi hadi kizazi, na wote wana ile ile jeni ya kupausha. Dume anazo mbili kwa hivyo rangi inaisha karibu yote, jike anayo moja inapausha nusu njia. Siku ya kwanza tu ukifungua inkubeta unaona vifaranga wa manjano wenye mdomo wa rangi hafifu hao ni madume, wa kijani-kijivu wenye mdomo mweusi hao ni majike, hakuna kumgeuza kifaranga na kumbana nyuma kumkagua, kazi ambayo mkono usiozoea unaweza kumuumiza.

Kuna rangi ingine ya Z ninayoipenda kuliko zote, ile ya biskuti. Hii ni ya kufichika, lakini jike hana Z ya pili ya kuifichia, akiwa nayo inaonekana. Weka dume wa biskuti na jike wa kijivu: wasichana wote biskuti, vijana wote kijivu, unawatenga siku ya kwanza. Lakini inafanya kazi kizazi kimoja tu, usiwaoanishe hao watoto ukitegemea itajirudia, na ukigeuza wazazi, dume kijivu safi na jike biskuti, wote wanatoka kijivu na hautambui kitu. Na kama una wazazi wawili wa kijivu na ghafla kanatoka kamoja ka biskuti, hako ni jike, na baba yake alikuwa ameibeba bila wewe kujua. Mimi hilo lilinitokea, kifaranga mmoja kati ya sita, nikakaa nikikaangalia kwa taa ya inkubeta hadi chai ikapoa, juu miaka miwili nilikuwa nimemhesabu yule dume kuwa kijivu safi.

Mzee hakuwauza wale watano, walinzi wazuri hao, watoto wa Mchina wana kelele. Lakini alitafuta jike wa Embden asiye na nundu, akatenga yule wa kwanza. Wiki iliyopita ananitumia picha WhatsApp: vifaranga wanne, wawili wa manjano yaliyopauka na wawili wana kivuli cha kijivu kizito mgongoni. Ananiuliza, kijana wangu, ni machotara tena? Nikamwambia hapana mzee, hao wa kivuli ni wasichana, wana kizibo chekundu kimoja tu. Wanaweza kubaki na manyoya machache ya kijivu mgongoni hadi wabadilishe manyoya mara ya kwanza, halafu watakuwa weupe kama mama yao. Usimuuze hata mmoja.